Haki ya Mzee Kueleweka: Ukalimani Katika Hospitali za Butembo na Beni

Haki ya mgonjwa kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, pamoja na haki yake ya kujibu kwa lugha hiyohiyo na kusikilizwa, ni sehemu ya matibabu yenyewe, kwa sababu daktari asiyeyapata maelezo ya mgonjwa hutibu kile tu anachokiona kwa macho na vipimo, na mgonjwa asiyeyaelewa maagizo ya daktari hurudi nyumbani na dawa mkononi bila kujua azitumie vipi. Katika miji ya Butembo na Beni, mkoani Kivu Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haki hiyo huwagusa zaidi wazee, hasa wanawake waliokulia vijijini bila kupata shule, ambao lugha yao ya kila siku ni Kinande, ambao Kiswahili chao kinatosha sokoni lakini kinapungua wanapotakiwa kueleza maradhi, na ambao hawajui Kifaransa, lugha ambayo madaktari na wauguzi wamesomea na ambayo kwayo faili zote za wagonjwa huandikwa. Kwa miaka mingi mzee wa miji hiyo ameeleweka hospitalini kwa sababu ana mtoto au mjukuu wa kusema kwa niaba yake, na pale janga la Ebola la mwaka 2018 hadi 2020 lilipowatenga wagonjwa na jamaa zao ilibainika kwamba hospitali yenyewe haikuwa na njia yake ya kumsikia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ukalimani, yaani kazi ya kuhamisha maneno yanayosemwa kutoka lugha moja hadi nyingine papo hapo na kwa uaminifu, unapaswa kuwa wajibu wa hospitali, na usiendelee kuachwa kuwa bahati ya mgonjwa.

Mzee anaishi wapi na nani humsemea

Katika nchi za Ulaya na Marekani mjadala kuhusu haki ya mawasiliano ya wazee huzunguka nyumba za kulelea wazee, yaani makao ambamo mtu aliyeshindwa kujihudumia huishi chini ya uangalizi wa wauguzi, mara nyingi hadi mwisho wa maisha yake. Marekani ilitunga mwaka 1987 sheria ya kurekebisha nyumba hizo, na kanuni zilizotokana nayo zikatamka kwamba mkazi ana haki ya kuarifiwa hali yake yote ya afya kwa lugha anayoweza kuielewa. Kanuni nyingine za huko za mwaka 2016, zilizotolewa chini ya sheria ya huduma za afya ya mwaka 2010, ziliwekea mipaka desturi ya kumtumia ndugu kama mkalimani, na zikazuia mtoto mdogo kufanya kazi hiyo isipokuwa katika dharura. Kanuni za aina hiyo zinawahusu hata watu wa Kongo, kwa kuwa wakimbizi wengi wa Kivu wamepokewa Marekani, na wazee waliofuatana na familia zao huingia hospitali za huko wakiwa na Kiswahili au lugha nyingine za nyumbani pekee.

Huko Butembo na Beni maisha ya mzee hayazunguki makao ya aina hiyo. Nyumba za kulelea wazee ni nadra, na kwa Wanande, ambao pia hujiita Wayira, kumweka mzazi mikononi mwa watu baki ni jambo la aibu, hivyo mzee huishi kwa mtoto wake, hula chunguni mwa mtoto wake, na anapougua hupelekwa hospitalini na mtoto wake. Huko hospitalini ndugu huyo habaki mgeni wa kuja na kuondoka saa za kutazama wagonjwa. Anakuwa mlinzi wa mgonjwa, ambaye wodini hutajwa kwa jina la Kifaransa la garde-malade, na kazi zake hazina idadi: hulala sakafuni kando ya kitanda, hupika uani, hufua, humwogesha mgonjwa, hukimbilia duka la dawa na karatasi ya daktari, hulipa, na juu ya hayo yote hukalimani. Hospitali haimlipi, haimfundishi wala haimwandiki popote, na hata hivyo bila yeye mazungumzo kati ya daktari na mzee hayawezekani. Kwa sababu hiyo, anayetaka kupima haki ya mawasiliano ya wazee katika miji hii miwili hana budi kukitazama kitanda cha hospitali kuu ya rufaa, kwa kuwa hapo ndipo maisha ya mzee yanapoingia katika mamlaka ya watu wasiosema lugha yake kazini.

Ngazi tatu za lugha

Lugha za Butembo na Beni zimepangika kwa ngazi. Kifaransa kiko juu, kikiwa lugha rasmi ya serikali, ya vyuo vya uuguzi, ya kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, ya maandishi ya dawa na ya fomu zote. Kiswahili kiko katikati, kikiwa lugha ya soko, redio na ofisi ndogo, nacho ni Kiswahili cha Kongo chenye matamshi, sarufi na maneno yake ya mkopo kutoka Kifaransa, tofauti na kile cha vitabu vya Dar es Salaam au Nairobi. Kinande kiko nyumbani, shambani na kanisani, nacho ni lugha ya Kibantu iliyo ndugu wa karibu wa Kikonzo, kinachosemwa upande wa Uganda wa milima ya Rwenzori. Beni ina mchanganyiko mkubwa zaidi kuliko Butembo, kwa sababu mauaji ya raia yaliyoanza Oktoba 2014 katika eneo lake yamewasukuma watu wa vijiji vingi kuelekea mjini na mji jirani wa Oicha, wakiwemo Watalinga, Wambuti, na Wamvuba ambao lugha yao hata si ya Kibantu. Pamoja na hao wapo wanajeshi na watumishi wa serikali waliokuja na Kilingala.

Ngazi hizi huonekana wazi zaidi asubuhi, madaktari wanapopita wodini. Daktari husimama miguuni pa kitanda na faili mkononi, akazungumza na muuguzi kwa Kifaransa. Muuguzi humgeukia binti wa mgonjwa na kumuuliza kwa Kiswahili. Binti humwinamia mama yake na kusema naye kwa Kinande. Mama hueleza kwa kirefu lini maumivu yalianza, yanapanda kutoka wapi, yanazidi akila au akilala, dawa gani ya miti shamba alikunywa kwanza na kwa nini aliiacha. Binti huyafupisha hayo kwa sentensi mbili za Kiswahili, muuguzi huyafupisha tena, na kinachoandikwa katika faili ni maneno mawili ya Kifaransa yenye maana ya maumivu ya tumbo. Kila mmoja katika mnyororo huo amefanya alichoweza kwa nia njema, tena mara nyingi muuguzi na hata daktari mwenyewe ni Wanande wanaokijua Kinande vizuri, lakini mazoea ya kazi yamewafanya waone kwamba lugha ya hospitali ni Kifaransa na kwamba Kinande ni cha nyumbani. Hivyo upungufu unaozungumziwa hapa hausababishwi na ukosefu wa watu wanaojua lugha zote tatu, ambao wamejaa katika hospitali hizo. Unatokana na kukosekana kwa utaratibu unaomtaka mtu fulani, kwa jina na kwa wajibu, ahakikishe kwamba mgonjwa amesikika.

Hali hii ina historia ndefu. Hospitali ya Oicha, iliyokuzwa tangu miaka ya 1930 na daktari mmisionari Mmarekani Carl Becker, ilihudumia maelfu ya wagonjwa kwa njia ya Kiswahili cha Kongo, ambacho wakati huo kiliitwa Kingwana, na mfumo wa afya uliorithiwa baada ya uhuru wa mwaka 1960 uliendelea kudhani kwamba Kiswahili kinatosha kuwafikia wote. Dhana hiyo ina ukweli kwa vijana wa mjini. Kwa mzee wa kijijini inamlazimisha aeleze uchungu wake wa ndani kabisa kwa lugha anayoitumia kupatana bei ya maharagwe.

Mipaka ya ulimi wa ndugu

Mtoto anayemkalimania mzazi wake ana sifa ambazo hakuna mtumishi wa hospitali anayeweza kuwa nazo, kwa kuwa anajua historia ya ugonjwa, anajua tabia za mgonjwa na anaaminiwa naye. Lakini sifa hizohizo ndizo zinazomfanya asifae kuwa sauti pekee ya mgonjwa, na sababu zake ni nne.

Sababu ya kwanza ni aibu. Mama mwenye uvimbe katika mfuko wa uzazi, au anayevuja mkojo tangu alipojifungua mara ya mwisho, hawezi kuyasema hayo kupitia kinywa cha mwanawe wa kiume, sembuse cha mkwe wake, kwa hiyo huchagua kusema kwamba mgongo unamuuma, naye hutibiwa mgongo. Waswahili husema mficha uchi hazai, na methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumlaumu anayeficha. Lakini mgonjwa aliyewekewa njia moja tu ya kusema, tena njia inayopita kwa mtu anayepaswa kumstahi, hastahili lawama hiyo, kwa sababu aliyeziba njia ni hospitali.

Sababu ya pili ni huruma. Mtoto anapoambiwa kwamba mama yake ana saratani au kwamba figo zimeshindwa, mara nyingi huichuja habari hiyo, akamwambia mama kwamba ana kidonda kidogo kitakachopona, na kuanzia hapo maamuzi yote hufanywa juu ya mwili wa mtu asiyejua kinachoamuliwa. Familia inaweza kuwa na hoja nzuri za kufanya hivyo, na desturi ya kumkinga mzee na habari mbaya si ya kudharauliwa, lakini hiari ya kujua au kutojua ni ya mgonjwa mwenyewe, na hawezi kuitumia iwapo hakuna mtu mwingine wa kumuuliza anataka kuambiwa kiasi gani.

Sababu ya tatu ni fedha na mali. Anayekalimani mara nyingi ndiye anayelipa, na katika mfumo ambamo gharama za hospitali hutoka mifukoni mwa familia, swali la daktari kuhusu upasuaji huwa wakati huohuo swali kuhusu kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Hata mtoto mwema hushindwa kutenganisha jibu la mama na jibu la mfuko wake, na pale ambapo ndugu wanagombania kiwanja cha mzee, hatari huzidi, kwa kuwa mzee hana mtu wa kumtafsiria asiyekuwa mmoja wa hao wanaogombana.

Sababu ya nne ni maarifa. Maneno kama kipimo cha damu, athari ya dawa, shinikizo la damu au maambukizi yasiyoonyesha dalili yanahitaji mtu aliyefundishwa kuyaeleza kwa Kinande bila kuyapindisha, na mjukuu wa miaka kumi na miwili aliyeachwa kumlinda bibi wakati wazazi wako shambani hawezi kulaumiwa akishindwa. Mgonjwa wa presha anayeambiwa kwamba dawa ni za kumeza kila siku, akakalimaniwa kwamba ameze mpaka apone, ataacha dawa siku ile kichwa kitakapoacha kuuma, na anaweza kurudishwa baada ya miezi akiwa na kiharusi, yaani kupooza kunakotokana na damu kutofika au kuvuja katika ubongo.

Ebola ilipomtenga mgonjwa na jamaa zake

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola uliokuwa umeanzia Mangina, karibu na Beni, na ambao ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, ukiacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, idadi inayoufanya kuwa wa pili kwa ukubwa duniani baada ya ule wa Afrika Magharibi wa mwaka 2014 hadi 2016. Kanuni ya kwanza ya kuzuia Ebola ni kumtenga mgonjwa, kwa kuwa ugonjwa huambukizwa kwa majimaji ya mwili, na kanuni hiyo, iliyo sahihi kitabibu, ilimwondoa mlinzi wa mgonjwa kando ya kitanda. Kwa kijana aliyesoma, kutengwa kulikuwa upweke na hofu. Kwa mzee asiyejua Kifaransa kulikuwa pia kunyamazishwa, kwa sababu aliyekuwa ulimi wake alibaki nje ya uzio.

Ndani ya kituo cha matibabu mzee huyo alikabiliwa na watu waliovaa vazi la kujikinga linalofunika mwili wote, lenye barakoa, miwani mikubwa na kofia, ambalo huzuia uso kuonekana, hufifisha sauti na kuificha midomo ambayo mtu mwenye masikio mazito huitegemea ili aelewe. Baadhi ya wahudumu hao walitoka Kinshasa au nchi za nje, na Kinande hawakukijua. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vyake vya plastiki angavu, vinavyojulikana kwa kifupi cha CUBE, ambavyo vina mikono ya glavu iliyoshikizwa ukutani ili mhudumu amtibu mgonjwa bila kuingia ndani, na ambavyo viliwawezesha jamaa kusimama upande wa pili wa ukuta, wakaonana na mgonjwa na kuzungumza naye. Vyumba hivyo vilisifiwa zaidi kwa usalama wa wahudumu, lakini kwa mzee faida yake kubwa ilikuwa kwamba vilimrudishia ulimi wake. Vilevile watu waliopona Ebola, ambao kinga ya miili yao iliwaruhusu kukaa karibu na wagonjwa, waliajiriwa kuwatunza watoto na kuwafariji wagonjwa kwa lugha za nyumbani, jambo lililothibitisha kwamba msaidizi wa mawasiliano anaweza kuwa mtumishi anayelipwa.

Ridhaa, yaani kibali anachotoa mgonjwa baada ya kuelewa, ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Chanjo ya Ebola, ambayo zaidi ya watu 300,000 walichanjwa, ilitolewa kwa muda mrefu wa janga hilo chini ya itifaki ya utafiti, kwa kuwa ilikuwa haijapata idhini ya kawaida ya soko, na kila mtu alitakiwa kuelezwa na kuridhia kabla ya kudungwa. Tangu Novemba 2018 hadi Agosti 2019 jaribio la dawa lililoitwa PALM liliandikisha wagonjwa 681 katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa iliyo pembeni mwa Butembo, na Mangina, likalinganisha dawa nne zilizogawiwa kwa kura, na likaonyesha kwamba mbili kati yake, mAb114 na REGN-EB3, zilipunguza vifo hadi karibu theluthi moja ya waliozipata, ilhali nusu hivi ya waliopewa dawa nyingine mbili walifariki. Jaribio hilo, lililoongozwa kwa upande wa Kongo na Profesa Jean-Jacques Muyembe, ni fahari ya sayansi ya Afrika na limeokoa maisha. Hata hivyo wazo la msingi la jaribio la aina hiyo, yaani kwamba daktari hajui dawa ipi ni bora na kwamba kura ndiyo itakayoamua mgonjwa apate ipi, ni gumu kulieleza hata kwa msomi mwenye afya, na kumweleza mzee mwenye homa kali, kwa lugha yake ya pili au ya tatu, kunahitaji ustadi wa ukalimani ambao hauwezi kuokotwa njiani.

Watu wa miji hii walijibu kwa namna yao. Utafiti wa Patrick Vinck na wenzake, uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo, ulionyesha kwamba asilimia 25.5 hawakuamini kwamba Ebola ipo kweli, na kwamba asilimia 31.9 tu waliamini kwamba viongozi wa mahali walitetea masilahi yao. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben. Itakuwa kosa kudai kwamba lugha ndiyo iliyosababisha hayo, kwani watu ambao ndugu zao walichinjwa kwa miaka bila kulindwa, na ambao uchaguzi wao wa urais wa Desemba 2018 uliahirishwa kwa sababu zilizotajwa kuwa ni Ebola na usalama, walikuwa na sababu nzito za kutowaamini waliokuja kuwaokoa. Lakini mtu asiyeaminiwa akisema kwa lugha isiyoeleweka huzidisha shaka, na kazi ya riposti, jina ambalo wenyeji waliupa mfumo mzima wa kupambana na Ebola, ilianza na mabango ya Kifaransa na ujumbe wa Kiswahili sanifu, hadi wataalamu wa lugha, wakiwemo wa Wafasiri Wasio na Mipaka, waliposisitiza matumizi ya Kinande na Kiswahili cha Kongo.

Riposti ilipofungwa mwaka 2020, magari yaliondoka, mahema yakakunjwa na mikataba ya waliokuwa wakieleza, kusikiliza na kutafsiri ikaisha. Milipuko midogo iliyofuata, ule wa Butembo na viunga vyake ulioanza Februari 2021 na ule wa Beni ulioanza Oktoba mwaka huohuo, ilizimwa haraka, lakini mgonjwa wa kawaida, yule wa kisukari, moyo au mfupa uliovunjika, alirudia hali yake ya kumtegemea mjukuu. Ilikubalika kulipia ukalimani wakati ugonjwa ulipoitisha dunia, na ukaachwa ulipobaki kuwa haja ya mzee mmoja kitandani.

Sheria inasema nini

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na inaziweka lugha nyingine zote, Kinande kikiwemo, katika urithi wa utamaduni ambao dola inaulinda. Ulinzi wa namna hiyo ni wa heshima, lakini urithi huhifadhiwa, ilhali huduma hutolewa, na mzee mgonjwa anahitaji Kinande kama huduma. Katiba hiyohiyo, katika ibara ya 18, inaagiza kwamba mtu aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa. Ibara ya 47 inadhamini haki ya afya bila kusema neno juu ya lugha, na ibara ya 49 inampa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao ya mwili, akili na maadili. Kwa hiyo mshukiwa wa wizi ana dhamana ya lugha iliyoandikwa wazi kuliko bibi anayetakiwa kuridhia kukatwa mguu, na pengo hilo linaweza kuzibwa bila kubadilisha katiba, kwa kuwa hatua maalumu za ibara ya 49 haziwezi kuwa na maana kwa mtu asiyeweza kusema anahitaji nini.

Kongo pia iliridhia mwaka 2015 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaka huduma za afya zitolewe kwa ridhaa huru ya mtu aliyeelewa, na unaohesabu lugha ya alama, maandishi ya nukta nundu na maneno mepesi kuwa njia halali za mawasiliano. Sheria ya kitaifa namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ilifuata njia hiyo. Vifungu hivi vinawahusu wazee kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu uzee huleta uziwi, upofu wa mtoto wa jicho na kupotea kwa maneno baada ya kiharusi, hali ambamo mara nyingi mgonjwa hufahamu anachoambiwa lakini hushindwa kutamka anachotaka. Kwa mzee wa namna hiyo Kinande fasaha hakitoshi. Anahitaji muuguzi anayekaa mbele yake kwenye mwanga, anayesema polepole bila kupiga kelele, anayemwonyesha picha au kumpa maswali ya kujibu kwa kichwa. Kiziwi aliyesoma katika shule zilizotokana na kazi ya Andrew Foster, mmisionari kiziwi kutoka Marekani aliyeeneza elimu ya viziwi Afrika kuanzia mwaka 1957, hutumia lugha ya alama inayohitaji mkalimani wake. Na kiziwi mzee ambaye hakwenda shule hana ila ishara za nyumbani, na hapo ndugu yake hana budi kushirikishwa, akiwa pamoja na mtumishi aliyefundishwa.

Yanayowezekana

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba hospitali zinazokosa glavu na dawa, katika eneo la vita, haziwezi kuajiri wakalimani. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu lake ni kwamba hatua nyingi zinazohitajika hazihitaji mishahara mipya. Fomu ya kupokelea mgonjwa, ambayo tayari inauliza jina, umri na kijiji, inaweza kuuliza pia lugha ambayo mgonjwa anataka kusemeshwa, masikio yake yanasikia vipi, na kama anaridhia ndugu aliye naye amsemee. Majibu hayo yakiandikwa juu ya faili, kila anayekuja kitandani atajua aanze vipi. Muuguzi anayejua Kinande anaweza kuteuliwa katika kila zamu kuwa mkalimani wa wodi, akapewa mafunzo mafupi ya kukalimani bila kuongeza, kupunguza wala kutoa siri, na akapunguziwa kazi nyingine wakati wa ridhaa na wa kutoa habari nzito. Kwa lugha za wachache, kama Kimvuba, zoni ya afya, yaani kitengo kinachounganisha hospitali kuu ya rufaa na vituo vya afya vilivyo chini yake, inaweza kuwa na orodha ya watu walioapishwa kutunza siri wanaopatikana kwa simu.

Hatua za pili zinahusu maarifa. Kinande si lugha isiyoandikwa: kina Biblia, kina vitabu vya ibada, na kina kamusi ya Kinande na Kifaransa ya Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka. Chuo Kikuu cha Graben na vyuo vya uuguzi vya Butembo na Beni vina walimu na wanafunzi wanaoweza kutunga kitabu kidogo cha maneno ya hospitali kwa lugha tatu, kukijaribu mbele ya akina mama wazee wenyewe, na kukifanya sehemu ya mtihani, ili muuguzi asihitimu bila kuonyesha kwamba anaweza kumweleza mgonjwa wa kisukari kwa Kinande jinsi ya kutunza miguu yake. Kipimo cha kuelewa nacho ni rahisi: mgonjwa huombwa arudie kwa maneno yake mwenyewe aliyoambiwa, na akikosea, kosa huhesabiwa kuwa la aliyeeleza.

Hatua ya tatu inahitaji fedha kidogo na uamuzi wa wakuu. Kila hospitali kuu ya rufaa ya Beni, Butembo na Katwa iwe na angalau mkalimani mmoja wa kudumu, na miongoni mwa walimu na makatekista wastaafu wamo watu wengi wenye Kinande safi, Kiswahili na Kifaransa, wenye umri wa kuheshimiwa na wazee wenzao. Wafadhili wanaosaidia mapambano dhidi ya milipuko wanapaswa kuilipia nafasi hiyo miaka ya amani, kwa kuwa mkalimani aliyezoeleka na kuaminiwa kabla ya janga ni kinga ambayo haiwezi kusafirishwa kwa ndege janga likishafika.

Pingamizi la mwisho ni kwamba mtumishi wa hospitali atamnyang'anya mtoto nafasi yake kando ya mzazi. Utaratibu unaopendekezwa una nia ya kumpumzisha mtoto huyo, abaki mlinzi, mfariji na mshauri, bila kubebeshwa kazi ya kumtamkia mama yake hukumu ya ugonjwa. Mzee naye apewe saa chache za kusema faragha na daktari wake bila masikio ya familia, kisha achague mwenyewe nini kiwafikie wanawe.

Waganga wakuu wa zoni za afya za Beni, Butembo na Katwa wana mamlaka ya kuanza na lile lililo jepesi kuliko yote, nalo ni kuongeza katika fomu ya kupokelea mgonjwa swali moja kuhusu lugha yake. Wabunge wa Kivu Kaskazini, kwa upande wao, wanapaswa kudai kwamba dhamana ya lugha ambayo ibara ya 18 inampa aliyekamatwa apewe pia aliyelazwa. Na familia za Butembo na Beni, ambazo zimekalimani bila malipo wala shukrani kwa vizazi, zina kila haki ya kumuuliza daktari, kabla ya karatasi yoyote kutiwa saini, kama mzazi wao ameulizwa yeye mwenyewe, kwa lugha yake, na kama jibu lake limeandikwa.